Mama yuko kwenye dawa za kutuliza mwaka wa tatu sasa na hakuna aliyewahi kuniambia zinaisha lini

Shikamoo mama. Naomba usinitaje jina, sema tu ni mdada wa Tandika, nina miaka 43, nauza mapazia Kariakoo na naishi na mama yangu mzazi ana miaka 76, baba alishafariki.

Mama alianza kusahau kama miaka mitano nyuma, mara anatia chumvi mara mbili, mara ameacha sufuria jikoni mpaka inaungua, tukasema ni uzee. Baadae akapigwa kipimo cha kichwa tukaambiwa ni dimenshia. Hapo bado tuliweza kuishi nae, shida kubwa ikaanza usiku. Saa tisa kamili mama yuko macho, anajifunga kanga, anagonga mlango anasema amechelewa, wateja wanamsubiri. Nikimzuia ananiuliza wewe nani, toka njiani. Mama alikaanga vitumbua kituoni zaidi ya miaka 30 ndivyo vilivyotusomesha wote. Siku moja akatoka kweli, kijana wa bodaboda anaemjua akamkuta Devis Kona peku peku akamrudisha. Alafu akawa anamshika uchawi na wizi dada wa kazi, mara ameiba hela zangu, mara ameiba hereni zangu, akampiga na mwiko wa ugali mpaka mkono ukavimba, binti wa watu akataka kurudi kwao Singida.

Ndo tukaenda hospitali, sitaitaja. Daktari akaandika haloperidoli miligramu 5 kimoja usiku, tukapewa za mwezi. Wiki za kwanza jamani nililala, sikuwa nimelala hivyo mwaka mzima. Ila kama mwezi wa pili mama akawa hatulii, akikaa anainuka, anasugua mapaja, anazunguka sebule toka asubuhi mpaka jioni, sisi wenyewe tunapata kizunguzungu kumwangalia. Tukarudi, daktari mwingine, faili halikuonekana, akasema bado amechangamka sana, akaongeza iwe asubuhi na usiku na akatupa na Artane. Akatulia. Tangu hapo sijarudi, nina picha ya cheti kwenye simu, naenda duka la dawa hapa mtaani, yule kaka akiniona tu anashusha boksi hata haulizi.

Sasa hivi mama anatembea hatua fupi fupi kama anateleza, mkono wa kulia unatetemeka, mate yanamtoka, uso hauna kucheka wala kununa. Analala mchana kutwa. Ameanguka mara mbili chooni, ya pili kashonwa nyuzi nne kwenye paji. Choo anakaa siku nne, tano. Chai inampalia. Na kitu kinachoniumiza ni mdomo, unatafuna tu muda wote na hakuna kitu ndani, mwanzo nilikuwa namfungua naangalia nikidhani kaokota kitu.

Mwezi uliopita mama mdogo alikuja toka Tanga, akamkalia mbele karibu saa nzima alafu akaniita uani akaniambia, dada yangu alikuwa anachanganyikiwa ila alikuwepo, huyu hayupo. Sijalala siku ile.

Kaka yangu mkubwa anasema nisithubutu, dawa za akili haziachwi, kuna jirani yake aliacha akarudi kuokota makopo. Na mimi nina siri. Mwezi wa tatu zilimuishia nikawa sina muda wa kwenda kununua, zikapita siku tatu. Alitoka jasho, akatapika, hakulala. Ila siku ya pili asubuhi akaniita jina ambalo alikuwa ananiita nikiwa mtoto, miaka miwili sijalisikia. Nikaogopa nikakimbia kununua nikampa.

Je nimuachishe? Na kama usiku ule ukirudi nafanyaje, mimi saa kumi na mbili asubuhi natakiwa niwe Kariakoo nafungua duka la watu. Na naomba uniambie ukweli, nimemdhuru mama yangu?

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana.

Leo usiku mpe dawa kama kawaida. Naanza na hili kwasababu nakujua ukimaliza kusoma huku chini utataka kuzitupa zote. Usifanye. Mwili wa mama umezizoea, ukizikata ghafla, hasa hiyo Artane, yanakuja yale yale uliyoyaona mwezi wa tatu, jasho, kutapika, kukesha, na kaka yako atasema si unaona. Zinatakiwa zishushwe pole pole na daktari ambae amemuona mama kwa macho yake, hajaona picha kwenye simu. Nataka aonwe wiki hii hii. Ila kama kabla ya hapo atapata homa kali na mwili umekakamaa kama ubao na hajielewi, au mdomo ukapinda, au mkono upande mmoja ukalegea, au anapumua kwa shida, hapo hakuna kusubiri kliniki, ita bajaji nenda mapokezi ya dharura hata kama ni saa nane za usiku.

Mimi nimekuwa nesi miaka mingi kabla ya kustaafu, na hivi vidonge nimevigawa kwa mkono wangu, wodini usiku, kwa wazee wanaopiga kelele, na asubuhi tukikuta wodi kimya tulikuwa tunasema mgonjwa kaendelea vizuri. Kumbe ni kimya tu. Kwahiyo barua yako nimeisoma mara tatu.

Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 ikawa dawa ya watu wenye skizofrenia, wale wanaosikia sauti, na kwao kwa kweli imeokoa maisha ya wengi. Yule jirani wa kaka yako nadhani ni wa hilo kundi, na kwa mtu wa hilo kundi kaka yako yuko sahihi, kuacha holela ni kurudi kwenye makopo. Lakini mama yako hana huo ugonjwa. Yeye ubongo unapungua, dawa haitibu hicho, inapunguza fujo tu, na hata fujo yenyewe inaipunguza kwa baadhi ya watu na kwa kiasi kidogo. Ndo maana kwa mgonjwa wa dimenshia inatakiwa iwe ya muda, pale ambapo anaweza kujiumiza au kuumiza wengine au anateseka sana kwa anayoyaona, na njia nyingine zimeshajaribiwa. Uingereza ile risperidoni, ambayo ni ndugu yake haloperidoli, kwa wagonjwa wa Alzheimer, ile dimenshia inayowapata wengi zaidi, wenye ukali imeruhusiwa mpaka wiki 6. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2016 unasema hata kama dawa imemsaidia, ndani ya miezi 4 jaribu kuipunguza. Mama yako yuko nayo mwaka wa tatu.

Na kuhusu dozi. Mzee wa dimenshia ikibidi apewe haloperidoli huwa anaanzishwa nusu miligramu, wengine hata chini ya hapo. Mama kaanza na 5, kafika 10 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe, ni mara ishirini ya hiyo nusu. Kidonge cha 5 ndicho kilichojaa kwenye makabati yetu ndicho kinachoandikwa, na hiki ni kitu ambacho madaktari wetu na wafamasia inabidi wakae wakiongelee.

Sasa kuna sehemu kwenye barua yako ilinisimamisha, hapo mwezi wa pili aliposhindwa kukaa, anasugua mapaja anazunguka sebule. Mwanangu, hiyo inaweza ikawa ilikuwa ni dawa yenyewe. Hizi dawa zina tabia ya kumtia mtu hali ya kutotulia miguuni, anahisi kama kuna kitu ndani kinamsukuma asimame, na mzee wa dimenshia hawezi kukuelezea, anazunguka tu. Mtu asiyejua akimuona anasema ugonjwa umezidi, anaongeza dozi. Siwezi kukuhakikishia kwasababu sikuwepo, ila mweleze daktari hilo tukio kama ulivyonielezea mimi, mpe na mpangilio wa miezi, lini kaanza, lini kazunguka, lini ikaongezwa.

Kutetemeka, hatua fupi, uso usiocheka, mate, ni picha ya Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, ila hii inaletwa na dawa, na mara nyingi inapungua dawa ikishushwa ila inachukua wiki mpaka miezi. Artane waliyokupa ndo ya kutibu hiyo, shida Artane kwa mzee inakausha mdomo, inafunga choo, inazuia mkojo na kumbukumbu inaizidisha kupotea. Yaani dawa ya pili inatibu madhara ya dawa ya kwanza huku inaongeza ugonjwa uliotupeleka hospitali. Choo cha siku tano hapo usikitafute mbali. Na kwasababu iyo iyo, hata ukichoka vipi usimpe Piriton ili alale, nayo ina madhara ya aina hiyo hiyo.

Mdomo unaotafuna naogopa kukuahidi kitu. Huwa unakuja kwa mtu aliyekaa na hizi dawa muda mrefu, wazee na zaidi wanawake ndo unawapata haraka. Wengine unaisha wakiacha, wengine unabaki, na wengine dawa ikianza kupunguzwa unazidi kwanza kabla ya kutulia. Nakwambia mapema ili ukiuona umezidi usikimbie tena dukani.

Umeniomba ukweli, huu hapa mwingine. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, waliangalia majaribio 17 ya wazee wa dimenshia, wakakuta ndani ya kama wiki 10 waliokuwa kwenye hizi dawa za kizazi kipya walikufa 4.5 katika kila 100, waliopewa vidonge tupu visivyo na dawa ni 2.6. Wengi ilikuwa moyo na maambukizi, nimonia hasa. Wakaweka onyo zito kabisa kwenye boksi, na 2008 wakaliongezea dawa za zamani, haloperidoli ikiwemo. Ndo maana ile chai inayompalia imenishtua kuliko mkono unaotetemeka, kinachopalia kinaweza kushuka kwenye mapafu. Kuanzia leo mnyweshe akiwa amekaa wima na macho yamefunguka, mafunda madogo madogo, uji mzito kidogo ni salama kuliko chai nyepesi, na asilazwe mara tu baada ya kula.

Kuna utafiti mwingine wa Uingereza wa mwaka 2009, wagonjwa 165 wa Alzheimer kwenye nyumba za wazee waliokuwa tayari wanatumia. Nusu wakaachwa waendelee, nusu wakabadilishiwa vidonge tupu. Baada ya miaka miwili walioendelea walikuwa hai 46 kati ya 100, walioachishwa 71. Watu 165 sio wengi, lakini mpeleke kaka yako hizo namba, azisome mwenyewe.

Upande wa pili nao nikupe. Wapo ambao wakiachishwa fujo inarudi, hasa wale waliokuwa na hali kali sana mwanzoni na dawa ikawasaidia kweli. Wengi wanaachishwa na hakuna kinachobadilika. Mama yuko kundi gani hutajua mpaka mjaribu taratibu, wanaweza kushusha nusu au robo wakasubiri kama wiki mbili wakaangalia, wakashusha tena. Ikirudi vibaya daktari anaweza kurudi hatua moja nyuma, haimaanishi mmeshindwa. Lile jina lako la utotoni, sitaki nikuvunje moyo wala nikupe tumaini la uongo, dimenshia ina asubuhi nzuri zake hata bila kugusa dawa. Ila nakiri niliposoma pale nililia.

Hospitali anzia ya rufaa ya mkoa pale Temeke, kliniki ya afya ya akili, ikibidi watakuandikia rufaa ya Muhimbili. Uliza dirisha la wazee, sera ya wazee inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, na hata kama utachangia kidogo usikubali kukaa foleni masaa sita na mama wa hali ile. Beba maboksi ya dawa yenyewe, zote, na za presha kama zipo, na zile za mitishamba kama mama mdogo alileta usimfiche daktari. Mrekodi mama kwa simu anavyotembea na mdomo unavyofanya, maana wazee wetu wakifika mbele ya daktari wanajikaza. Alafu muulize maneno haya haya, dawa hii bado inatibu nini kwa mama, tunaipunguzaje, na tarehe ya kurudi ni lini. Asipokupa tarehe usitoke. Na kama kabla ya dawa mama alikuwa anaona watoto au wanyama ambao hawapo na mwili ulishaanza kukaza, sema kwa sauti, kuna dimenshia inaitwa ya Lewy ambayo haloperidoli kwake ni hatari kubwa.

Waombe wampime mkojo, malaria, presha akiwa amekaa na akisimama, waangalie masikio, meno na magoti. Magoti nayasisitiza. Mtu aliyekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa miaka 30 ana maumivu, na mgonjwa wa dimenshia haongei maumivu, anapiga mwiko. Norwe mwaka 2011 walichukua wagonjwa 352 wa kwenye nyumba za wazee, kundi moja likapewa dawa za maumivu kwa utaratibu, wengi ni paracetamol hii hii ya kawaida, na fujo ikashuka kwa asilimia 17. Muulize daktari kama mama anaweza kupewa kwa saa maalum badala ya kusubiri aseme anaumwa, maana hatasema.

Nije kwenye usiku, ambao ndo unaokutisha. Mwanangu, saa tisa usiku mama yako yuko kazini. Kwa miaka 30 saa hiyo alikuwa ameshaamka, mchele umelowekwa, mkaa unawashwa, nyinyi mmelala. Ubongo umesahau jina lako, hiyo saa haujaisahau. Ukimwambia mama rudi ulale wewe huna kazi, kwake wewe ni mtu unaemzuia asilishe watoto wake, lazima akupige. Usibishane. Mwambie mama leo mchele umeshapelekwa mashineni, tusubiri. Mpe ungo na mchele achambue, mkae wote na taa iwake. Kuna siku itagoma lakini nyingi atachambua nusu saa atachoka mwenyewe. Mchana asilale kutwa, dozi ikishuka atakuwa macho zaidi, mtoe barazani apate jua, atembee na mtu hata mpaka duka la jirani, chai ya rangi na kahawa mwisho saa nane mchana. Mlangoni weka komeo la juu kabisa ambapo hatazami, sio kufuli ambalo moto ukiwaka hamtatoka. Namba yako shonea kwenye kanga zake zote, na yule kijana wa boda mpe asante yake na umuombe awaambie wenzake pale kijiweni. Chooni weka taa usiku mzima na kitu cha kushika ukutani.

Dada wa kazi nae ni mtoto wa mtu, amepigwa na bado yupo. Mpe usiku wa kulala, asikae na mama usiku na mchana alafu tumtegemee awe na subira. Kaka yako ndo mtu wa hapo. Usigombane nae kuhusu dawa, mwambie tu daktari amesema kipindi cha kupunguza anatakiwa mtu mzima mwingine ndani ya nyumba, aje alale hapo wiki mbili za kwanza, wewe uwahi Kariakoo. Na mama mdogo kama anaweza kukaa mwezi, muombe. Yeye alimuona dada yake hayupo, acha awepo akianza kurudi, kama atarudi.

Umemdhuru? Dawa imemdhuru, sitakudanganya. Wewe ulimpeleka hospitali alipozidiwa, ukampa kilichoandikwa, hukuambiwa kinaisha lini na ulikuwa huna usingizi. Faili lililopotea sio lako. Kuanzia leo unajua, kwahiyo kuanzia leo lile duka usiende bila cheti kipya, na yule kaka wa duka mwambie kwanini, ana wateja wengine wenye wazee ndani.

Ukitoka kliniki niandikie, niambie wameshusha ngapi na wamekupa tarehe gani, na habari ya mdomo.